Migingo: Jabali la Nusu Eka na Maji Yanayolizunguka

Msomaji akaaye Mowlem, upande wa mashariki wa Nairobi, amezoea mipaka isiyomsumbua mtu. Akitoka katika wadi yake kwenda Umoja au Kariobangi Kusini haulizwi cheti, halipi ushuru, wala hapana askari amnyang'anyaye kikapu chake. Lakini yule samaki mkubwa amnunuaye jioni, ambaye Wajaluo humwita mbuta na Watanganyika sangara, huenda amevuliwa mahali ambapo mpaka umewatia watu korokoroni. Mahali hapo ni Migingo. Jina hilo wengi wamelisikia, ila si wengi wajuao hasa ni kitu gani kinachogombaniwa.

Migingo ni jabali lililochomoza katika Ziwa Victoria, mbali na pwani ya Migori. Ukubwa wake ni kiasi cha mita za mraba 2,000, yaani nusu eka. Mkulima angeona haya kuliita shamba, na kwa kweli hapana udongo wa kulima. Hata hivyo, katika hesabu ya watu iliyofanywa na Kenya mwaka 2009, watu 131 walikutwa wakikaa juu yake. Tukipiga hesabu ya msongamano, ni zaidi ya watu 65,000 kwa kila kilomita ya mraba. Huo ni kama msongamano wa Mathare, ambako mwaka 2019 watu 206,564 walihesabiwa katika eneo la kilomita za mraba 3 hivi. Vibanda vya mabati vimeshikana ukuta kwa ukuta mpaka ukingoni mwa maji. Karibu yake kipo kisiwa kingine, Ugingo, kilicho kikubwa kuliko hicho, nacho hakikupata kuvuma hata kidogo.

Sasa tutazame mpaka wenyewe. Zamani Kisumu na nchi yote ya Nyanza ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1902 Waingereza, waliokuwa wakizitawala nchi zote mbili, waliliondoa jimbo la mashariki la Uganda wakalitia katika himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwao lilikuwa jambo la kupanga kazi za ofisini, kama vile mwenye nyumba ahamishavyo kabati kutoka chumba hiki kwenda kile. Mwaka 1926 amri ya Mfalme wa Uingereza ikaandika mpaka huo kwa maneno. Ndani ya ziwa uanze kusini, upande kaskazini hadi ncha ya magharibi kabisa ya kisiwa cha Pyramid, kisha uende moja kwa moja hadi ncha ya magharibi ya Ilemba, halafu Kiringa, halafu Mageta, hata ufike Sumba na kinywa cha mto Sio.

Msomaji ataona kwamba Migingo haikutajwa. Mwaka 1926 nani angetaja jabali la nusu eka? Lakini Pyramid imetajwa, nayo ipo kusini ya Migingo kiasi cha kilomita 2. Basi shauri lote ni kupima tu: ukivuta mstari kutoka Pyramid hadi Ilemba, je, Migingo inaangukia upande wa mashariki au wa magharibi? Tena Uganda yenyewe, katika Katiba yake ya mwaka 1995, imeuandika mpaka wake kwa kufuata alama hizo hizo. Kwa hiyo haikuwa kesi ya watu wenye hati mbili. Hati ilikuwa moja.

Hata hivyo kuanzia mwaka 2004 polisi wa Uganda walikuja wakapiga hema na kupandisha bendera yao. Wavuvi, ambao wengi wao ni Wakenya, wakatakiwa kulipa ada. Asiyelipa alikamatwa. Mwaka 2009 mambo yakachemka hata Nairobi. Huko Kibera vijana waling'oa mataruma na vyuma vya reli iendayo Uganda, ili kuikomoa Kampala. (Mwenye kupoteza shehena siku ile huenda alikuwa mfanyabiashara wa Kenya, lakini hasira haina daftari la hesabu.) Wapimaji wakaanza kazi, na habari zilizotolewa mwezi wa Julai mwaka huo zilisema kwamba jabali lipo ndani ya Kenya kwa mita 510.

Kabla ya hapo, mwezi wa Mei, Rais Museveni alikuwa amekwisha kusema neno ambalo kwa maoni yetu ndilo lililofichua kiini cha shauri. Alikubali kwamba jabali ni la Kenya, lakini akasema maji ni ya Uganda, na Wakenya wanavua humo. Watu wengi walimcheka. Sisi twaona ingefaa wamsikilize vizuri zaidi, kwa kuwa hapo ndipo ugomvi ulipo.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Tanzania ina asilimia 51, Uganda asilimia 43, na Kenya asilimia 6 tu. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya fungu hilo dogo ni ghuba ya Winam, yenye maji ya kina kifupi, ambayo katika miaka ya 1990 ilizibwa na magugu maji. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akazaliana mno katika miaka ya 1980, viwanda vya kumkata minofu vikajengwa, naye akapelekwa Ulaya. Mvuvi wa Kenya aliyetaka samaki mkubwa alilazimika kwenda maji makuu, na maji makuu yako ng'ambo ya mstari. Migingo ni kigoda kilichowekwa kando ya chungu: aketiye juu yake yupo kwao, lakini mkono wake unachota kwa jirani. Kutoka ukingo wa jabali hadi mpakani ni mwendo wa dakika chache kwa mashua, na juu ya maji hapana mawe ya mpaka wala ua. Usiku, nyavu zikichukuliwa na mkondo, nani atajua zimelala nchi gani?

Si sisi peke yetu tuliogombania mwamba. Kanada na Denmark zilibishana miaka mingi juu ya kisiwa cha Hans, kilichopo katika bahari ya barafu, kisicho na mkazi hata mmoja. Askari wa upande huu walikuwa wakipanda bendera na kuacha chupa ya pombe kwa wenzao, nao wa upande ule vivyo hivyo. Mwezi wa Juni 2022 wakakigawa. Lakini Hans haina samaki wa kulisha jamaa ya mtu, na ndiyo sababu waliweza kufanya mzaha.

Kwa Migingo dawa ya kugawa jabali haitafaa kitu, maana mvuvi hali jiwe. Kilichohitajiwa tangu mwanzo ni cheti kimoja cha kuvulia, kinachotambuliwa pande zote mbili za mstari, chenye ada inayojulikana na kugawanywa. Chombo cha kulishughulikia jambo hilo kipo: ni shirika la uvuvi la nchi tatu za ziwa, lililoundwa mwaka 1994, na makao yake ni Jinja. Kupitia shirika hilo nchi hizo zimekwisha kupatana juu ya urefu wa samaki wenyewe, kwamba sangara aliye chini ya sentimita 50 asivuliwe, awe amekutwa katika maji ya Kenya, ya Uganda au ya Tanzania.