Kiwanja Chanika, fleti Kawe au kupanga Kimara: piga hesabu kabla ya kusaini

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Wengi wa hao milioni moja walioongezeka hawakupata nafasi Kariakoo wala Upanga. Mji umewafuata Chanika, Goba, Madale, Kibamba na Toangoma, ukavuka mpaka wa mkoa hadi Kibaha. Kila mwenye akiba kidogo anajiuliza: ninunue kiwanja, nichukue fleti ya mkopo au niendelee kupanga? Wengi hujibu kwa kutazama bei ya kiwanja peke yake, na hapo ndipo fedha zinapopotea.

Tuchukue mfano wa mume na mke wanaofanya kazi mjini siku 26 kwa mwezi. Viwango ni vya mfano, weka vyako.

Kupanga Kimara

Vyumba viwili na sebule kwa 250,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani 1,500,000, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Siku ya kwanza zinatoka 1,750,000. Nauli ya 2,000 kwa siku kwa kila mmoja inafika 104,000 kwa mwezi. Jumla ya mwezi ni 354,000. Faida yake ni mabasi ya mwendokasi, yanayotoka Kimara hadi Kivukoni tangu 2016. Hasara yake inajulikana: kodi hupanda, na hujengi chochote chako.

Kujenga Chanika

Hakuna kodi ya pango. Lakini nauli ikiwa 4,000 kwa siku kwa kila mmoja, wawili wanalipa 208,000 kwa mwezi. Ukilinganisha na Kimara umeokoa 146,000, yaani 1,752,000 kwa mwaka, kabla hujanunua maji ya boza. Kama kiwanja, msingi, boma, kupaua na plasta vimekula milioni 35, utahitaji karibu miaka 20 kurudisha fedha hizo kwa akiba hiyo peke yake. Kujenga bado kunaweza kuwa uamuzi mzuri, kwa sababu kodi ya pango ingepanda na nyumba inabaki kwa watoto. Ila usijenge ukidhani unaishi bure. Na boma lililosimama miaka sita bila bati halikupunguzii kodi hata shilingi moja.

Kuna pia muda. Saa mbili kwenda na mbili kurudi ni saa 104 kwa mwezi, zaidi ya siku nne nzima barabarani. Hizo ni saa za watoto wako.

Fleti ya mkopo Kawe

Fleti katika miradi kama ile ya Shirika la Nyumba la Taifa inakuja na hati, maji, umeme na lami. Mzigo wake ni riba, ambayo kwa mikopo ya nyumba nchini imekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Ukikopa milioni 60 kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 16, utalipa takriban 881,000 kila mwezi. Ukimaliza utakuwa umelipa milioni 158 na ushee. Ongeza mchango wa ulinzi, taka na lifti. Anayefaa hapa ni mwenye mshahara wa uhakika na fungu kubwa la kuanzia.

Karatasi ina bei yake

Viwanja viwili jirani vinaweza kutofautiana bei mara mbili kwa sababu kimoja kimepimwa. Muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mliuziana, lakini si hati. Omba upekuzi ofisi ya ardhi, dai ridhaa ya mwenza wa muuzaji, na uone mchoro wa mipango miji. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kibaha, kupisha upanuzi. Na baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande. Hifadhi ya barabara na njia ya maji havijali umejenga kwa jasho gani.

Tunajua njia iliyo bora. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipima kwanza maeneo kama Bunju, Kibada na Toangoma, watu wakafuata. Leo maeneo mengi yanakwenda kinyume: mashamba yanakatwa, nyumba zinasimama, halafu urasimishaji unakuja kutafuta pa kupitisha barabara. Gharama ya kuchelewa huko inalipwa na mnunuzi. Halmashauri zikipima kabla ya dalali kufika, familia nyingi zitapona.

Kama kazi yako iko mjini na akiba ni ndogo, panga karibu na mwendokasi huku ukilipia taratibu kiwanja kilichopimwa. Kama riziki yako iko hukohuko pembezoni, jenga. Hesabu ya nauli haikuhusu. Kwa vyovyote vile, usimpe mtu fedha kabla hujafika kiwanjani wakati wa masika, ukalala jirani, na kupanda daladala ya saa 11 alfajiri siku ya Jumatatu.