Maua Yajiotayo Yenyewe Uani

Mvua za kwanza zinyeshapo hapa Mugoma, wilayani Ngara, kati ya Septemba na Oktoba, nyua zetu zilizokuwa kavu tangu Juni hutoa miche ambayo hakuna aliyeipanda mwaka huo. Ukingoni mwa njia hutokea kosmosi. Karibu na jiko hutokea mrehani. Na palipotupwa taka za shambani huota mgagani wenye maua meupe. Watoto huuliza: ni nani aliyepanda? Swali hilo lina faida kwa kila nyumba, nasi twapenda kulijibu.

Jibu la kwanza wasomaji wetu walijua. Katika Kurani Tukufu Mwenyezi Mungu ametutaka mara nyingi tuitazame ardhi iliyokufa jinsi inavyohuika kwa mvua, tupate kuamini ufufuo. Lakini Yeye ameweka sababu za mambo, na kuzijua sababu hizo ni sehemu ya kutazama huko.

Mingi katika mimea hii huishi msimu mmoja tu. Kabla ya kufa huangusha mbegu, nazo hulala udongoni kiangazi chote. Wala si zote huamka pamoja. Nyingine hungoja mwaka wa pili au wa tatu, hata ukame wa mwaka mmoja usiumalize ukoo mzima. Mwaka 1879, katika jimbo la Michigan huko Marekani, mtaalamu William James Beal alizika chupa 20 zenye mbegu zilizochanganywa na mchanga, ili zifukuliwe kwa zamu. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021, baada ya miaka zaidi ya 140, ilikuwa bado na mbegu zilizoota!

Kwa nini basi katika nyumba nyingine maua huja mwaka mmoja, kisha yakatoweka? Mara nyingi sababu ni mikono yetu wenyewe. Dini yetu yatuhimiza usafi, nasi twafagia ua kila asubuhi. Lakini mmea uanzapo kukauka twaung'oa na kuuchoma siku zilezile unapokomaza mbegu zake. Kisha huja jembe, likazifukia chini sana zile chache zilizosalia, na mbegu ndogo haina nguvu ya kupanda kutoka huko.

Yafaa tuache mimea miwili au mitatu iliyo bora, mpaka vichwa vyake vikauke kabisa. Tuvikung'ute hapo hapo, tuukwaruze udongo kwa vidole tu, na fagio lipite kando. Mgagani hasa ustahili heshima hiyo, kwa kuwa majani yake ni mboga. Jirani zetu wa Rwanda huuita isogi, nao huupenda sana. Nyumba iuachayo ukomaze mbegu hupata kitoweo bila ya kununua mbegu.

Hata hivyo, si kila kijiacho chenyewe ni rafiki. Liko gugu liitwalo gugu karoti, asili yake bara la Amerika. Hapa Tanzania lilitambuliwa Arusha mwaka 2010, na limo pia Kenya na Uganda. Maua yake ni meupe na madogo, hata mtu asiyelijua aweza kulionea huruma. Lakini mmea mmoja waweza kutoa mbegu zifikazo 25,000. Huwasha ngozi, huwasumbua wenye pumu, na ng'ombe wakililisha maziwa yao huwa machungu.

Tena miche yake yaweza kudhaniwa kosmosi, kwa sababu yote miwili ina majani yaliyochanika. Tuwafundishe watoto tofauti: majani ya kosmosi ni membamba kama nyuzi, na shina lake husimama mapema. Gugu karoti likiwa changa hulaza majani yake chini kwa duara, nayo ni mapana zaidi, yenye vinyweleo. Liking'olewa, na ling'olewe kabla halijachanua, mikono ikiwa imefunikwa, na bwana shamba aarifiwe.

Nyumba ing'oayo kila kitu hukosa maua na mboga. Nayo iachayo kila kitu humkaribisha adui. Basi, enyi vijana, mvua zijazo zikinyesha, msianze na jembe. Inameni kwanza mtazame kila mche, muujue kwa jina lake, ndipo mpalilie.