Je, Wajua? Si Kila Shubiri ni Alovera

Je, wajua kwamba shubiri nyingi tunazoziita alovera si alovera hata kidogo? Alovera asili yake ni Rasi ya Arabuni. Huku kwetu imeletwa na kupandwa. Tanzania ina shubiri zake nyingi za porini, na ukiishi kwenye miinuko kama hii ya Mbozi Misheni inafaa uzitambue kwa macho yako mwenyewe.

Usihukumu kwa madoa ya majani. Miche michanga ya alovera nayo ina madoa meupe, na hapo ndipo wengi hupotea. Subiri ichanue. Alovera hutoa maua ya manjano kwenye shuke refu. Shubiri madoadoa, ambayo wataalamu huiita Aloe lateritia, maua yake ni mekundu au ya rangi ya chungwa, yamekusanyika juu ya tawi kama mwavuli. Majani yake yamejipanga duara karibu na ardhi, kingo zina miiba migumu ya kahawia. Iko pia Aloe secundiflora: maua yake yote hutazama upande mmoja wa tawi. Ukishaiona mara moja huisahau.

Na mkonge je? Nao ni majani manene yaliyojipanga duara, ila vunja jani uone. La mkonge lina nyuzi na ncha yake ni mwiba mmoja mkali. La shubiri halina nyuzi, lina ute pamoja na utomvu mchungu wa manjano chini ya ganda. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye maua: shubiri huchanua msimu baada ya msimu, lakini mkonge huchanua mara moja tu maishani, ukisimamisha mlingoti wa mita kadhaa, kisha hufa. Mkonge wetu ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Tanga ikiwa hai 62 tu. Mashamba makubwa ya mkonge nchini yalianzia kwenye miche hiyo.

Huko Ulaya, walikotoka wamisionari wa Kimoraviani walioanzisha misheni hapa Mbozi, kuna mmea mwingine wa majani manene yaliyojipanga duara, uitwao Sempervivum. Hustahimili theluji, na zamani ulipandwa juu ya paa kwa imani kwamba unazuia radi. Mfalme Charlemagne aliagiza watunza bustani wake wauweke juu ya nyumba zao.

Kuotesha shubiri si kazi, mradi usiizidishie maji. Matundu ya majani yake hufunguka usiku na kujifunga mchana, kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana. Kinachoiua huku kwetu ni masika: udongo mzito ukishika maji, shina huoza. Panda juu ya tuta au kwenye mteremko, changanya udongo na mchanga au kokoto. Chomoa chipukizi ubavuni mwa mama, liache kivulini siku chache kidonda kikauke, ndipo ulipande. Miezi ya baridi, Juni na Julai, usimwagilie kila siku. Majani yakigeuka mekundu kwa jua usiogope, mmea hauumwi.

Wafugaji wengi hukatia majani ya shubiri kwenye maji ya kuku wakitumaini kuzuia kideri. Kideri husababishwa na kirusi. Kinga ya kutegemea ni chanjo. Na ule utomvu wa manjano unaharisha vikali, mjamzito asiunywe.

Karibu shubiri zote za porini duniani zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES. Alovera imeachwa nje kwa kuwa hulimwa. Basi ukiikuta shubiri mlimani, chukua chipukizi moja, mama mwache palepale.