ARDHI IDIDIMIAPO

Ndugu Waislamu, apitaye katika pande za mawe za kisiwa cha Unguja huona mashimo yaliyodidimia, mengine yameota miti mikubwa ndani, na mengine yashuka mpaka kwenye maji. Wako wasemao kuwa hayo ni makao ya mashetani, wakaishia hapo. Lakini Kurani Tukufu yatuamrisha tutazame ardhi na kuzingatia. Basi natuzingatie.

Jiwe la pande hizo ni matumbawe ya bahari ya kale, nayo ni chokaa. Mvua inyeshapo huchukua angani hewa ya kaboni, na huchukua nyingi zaidi ipitapo katika udongo wenye mizizi na majani yaliyooza. Maji hayo huwa na ukali mdogo. Kijana mwenye shaka na akamulie ndimu juu ya kipande cha jiwe hilo, ataona povu: ndilo jiwe linaloliwa. Ukali wa mvua ni mdogo kuliko wa ndimu, lakini huingia katika nyufa maelfu ya miaka. Ufa huwa mfereji, na mfereji huwa pango. Dari ya pango ikishindwa kuchukua uzito wake huanguka, na juu huonekana shimo. Maji ndiyo yaliyochimba pango la Mangapwani, lenye maji baridi ndani, na mapango ya Amboni karibu na Tanga, yaliyo katika chokaa ya kale zaidi.

Basi jambo hili latuhusu majumbani mwetu. Maji yapitayo katika mchanga huchujwa. Yapitayo katika nyufa pana hayachujwi. Atupaye mzoga au taka shimoni, au achimbaye choo juu ya jiwe lenye nyufa karibu na kisima, uchafu wake waweza kufika upesi katika ndoo ya jirani, ukaleta kipindupindu na homa ya matumbo.

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza watu kujisaidia penye kuchotwa maji. Shimo hili ni mlango wa kisima, ijapokuwa kisima kiko mbali na macho yetu. Wazee, wafundisheni watoto kuwa shimo si jaa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzingatia. Amin.