Treni ya vileo: kiglasi kimoja huangusha vyote
Kwenye baa za Uingereza mchezo huu huitwa treni. Glasi zenye Red Bull hupangwa safu moja, zikigusana. Kila zinapokutana mbili, juu ya kingo huwekwa kiglasi cha Jägermeister, kileo cha Kijerumani chenye alkoholi asilimia 35. Kiglasi cha kwanza kikisukumwa hukigonga cha pili, mfano wa dhumna zilizosimamishwa, na kila kimoja hutumbukia glasini. Wanaosaka rekodi hupanga mamia. Kimoja kikikaa kombo, treni husimama hapo.

Kuangusha ni sekunde chache. Balaa ni kunywa. Kafeini ya Red Bull huondoa usingizi, haiondoi ulevi: mnywaji hujiona mzima, kumbe kalewa chakari, na ufunguo wa gari anao yeye.