Mtanashati si lazima awe na sura

Mwalimu mmoja wa Runyenjes, Embu, ameniandikia akiwa na uchungu. Alimsomea babake wasifu siku ya mazishi kule Meru, akasema mzee "alikuwa mtanashati hadi siku zake za mwisho." Vijana wakacheka. Baadaye ami zake wakamkemea eti amemvunjia marehemu heshima. Je, alikosea?

Hakukosea hata kidogo. Waliocheka walikuwa wakisikia Kiingereza ndani ya Kiswahili. Kwao, mtanashati ni 'handsome', yaani kijana mwenye sura ya kuwatoa wasichana roho. Lakini hebu tulichunguze hilo 'handsome' lenyewe.

Neno hili limeundwa kwa 'hand', mkono, na kiambishi tamati '-some'. Katika karne ya 15 lilimaanisha kitu kilicho rahisi kushika au kutumia kwa mkono. Jembe lenye mpini mzuri, tuseme. Halikuwa na habari na uso wa mtu! Baadaye likaja kumaanisha kinachofaa, kisha kikubwa cha kutosha, na ndiyo maana hadi leo Waingereza huisifu kwa neno hilo hilo pesa ya kutosha. Ni mwishoni mwa karne ya 16 ndipo lilipoanza kusifia umbo. Wala halikuwa la wanaume peke yao: Jane Austen alimsifia nalo Emma, mhusika mkuu wa riwaya yake ya 1815, ambaye ni msichana.

Mtanashati naye ni mtu nadhifu, apendaye usafi na mavazi maridadi. Utanashati ni kazi ya kila asubuhi: maji, sabuni, pasi, kiwi. Sura mtu huzaliwa nayo, utanashati hujitafutia mwenyewe. Mzee wa miaka 90 aweza kuwa mtanashati kumshinda mjukuu wake.

Sipingi neno kupanuka maana, maana 'handsome' limesafiri mbali zaidi. Ninachopinga ni maana mpya kuifukuza ile ya awali, hata binti aone haya kwa sifa ambayo babake aliichuma mwenyewe. Anayetaka kusifu uso tu, aseme "mzuri wa sura" au "ana sura jamali."

Tena asikimbilie 'mrembo', kwani nalo (hili huwashangaza wanafunzi wangu) limetokana na kitenzi kuremba, yaani kupamba. Kwa asili yake, mrembo ni yeyote aliyejipamba, mwanamke au mwanamume. Ila usijaribu kumwita dereva wa matatu mrembo pale stendi ya Meru. Hatangoja umweleze sarufi.