Maji Kwanza, Samaki Baadaye



Tangu mwanzo wa muhula huu munaona lile sanduku la vioo nyuma ya darasa la biolojia. Ndani kuna maji na mawe meusi tu. Kila asubuhi wadogo wa darasa la 7 wananiuliza: "Yaya kapita, samaki bataingia lini?" Wengine wanacheka eti tunafuga mawe. Leo nataka kueleza juu ya nini tunangoja. Tena nina deni la kulipa.

Muhula uliopita tulichota maji ziwani siku ya Ijumaa, na siku ile ile tukatia samaki 12. Kufika Jumatano wote walikuwa wamekufa. Nikasikia kwamba mdogo mmoja alitupa kipande cha mkate ndani. Bila kuuliza zaidi nikampa adhabu ya kufagia darasa siku tatu. Kisha mwalimu wetu wa biolojia aliniuliza swali moja tu: "Maji yenu yalikuwa na siku ngapi?" Nikakosa jibu.

Kumbe samaki wanaweza kuuawa na uchafu wao wenyewe. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake. Katika ziwa amonia hiyo hupotea ndani ya maji mengi, lakini katika lita 80 inabaki pale pale. Dawa yake ni bakteria. Wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na ukali mwingi. Bakteria hawa hukaa juu ya mawe na mchanga, na huongezeka polepole: wiki 4 hadi 6.

Kwetu Goma hatari inazidi. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH karibu 9. Katika maji ya pH 7, amonia iliyo sumu kali haifiki sehemu 1 kwa 100. Kwenye pH 9 inapita 30 kwa 100. Njo maana samaki wetu hawakumaliza juma.

Sasa tunafanya hivi:

1. Meza iwe imara, kwani lita 80 ni kilo 80. Isikae mbele ya dirisha: jua huleta majani ya kijani na joto.

2. Mawe tunayo bure. Jiwe la volkano lina matundu mengi, na kila tundu ni nyumba ya bakteria. Machache tuliyatoa ndani ya ziwa, tukayaleta yakiwa mabichi, ili bakteria waje nayo.

3. Kila siku mbili tunatia chakula kidogo sana. Kinaoza, kinatoa amonia, bakteria wanakula.

4. Baada ya wiki 6 tutatia samaki wawili tu, wale wadogo wa kwenye mawe. Sambaza hapana: huyo ni samaki wa kundi na wa maji mapana, ukimshika anakufa upesi.

5. Kila Jumamosi tutatoa bidoni moja ya lita 20 na kurudisha nyingine ya maji ya ziwa. Mawe tutayasuuza katika maji yaliyotolewa. Tusitumie sabuni wala maji ya robine yenye klori, maana vinaua bakteria.

6. Chakula mara moja kwa siku, kile kinachoisha kwa dakika 2 au 3. Umeme ukikatika na pompi ya hewa ikisimama, tuchote maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu.

Wanaofuga samaki na matumbawe ya bahari nyumbani wanafuata sheria hiyo hiyo, lakini kazi yao ni ngumu kuliko yetu. Lazima wapime chumvi, karibu gramu 35 kwa lita, na chumvi ya jikoni haitoshi kwa kuwa matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalisi. Maji yakipungua kwa joto wanaongeza maji matamu, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Lakini nao wanaanza na mawe yenye matundu, na wanangoja.

Sasa deni langu. Kipande kimoja cha mkate hakikuua samaki 12. Niliyewaua ni mimi, kwa haraka yangu, na mwingine akafagia kwa ajili yangu. Kwake nimekwisha kuomba msamaha, na hapa naomba mbele ya shule nzima. Siku ya kutia samaki, ni yeye atakayefungua mfuko.

Mpaka siku ile, muniache nifuge mawe yangu.

Kapita wa shule, mwaka wa mwisho